Kumtafuta Bi Harusi wa Durham

Mabibi harusi wangu mnaosubiri nguo, poleni na ahsanteni kwa subira. Mlioniuliza kwa nini duka lilifungwa wiki nne, jibu ni hili: nilikuwa South Shields, mji wa bandari kaskazini mashariki ya Uingereza, kwa dada yangu mkubwa. Binti yake anaolewa, na mimi mama mdogo wake ndiye fundi. Nguo nilizimaliza alhamdulillah, lakini nusu ya muda wangu ilikwendea makaratasi ya watu waliokufa zamani. Na Bi Mkubwa, yaani mavyaa wa dada yangu, amenipa ruhusa niyaeleze hapa, kwa sharti nisitaje jina la mtu. Kwa hiyo msinitafutie majina, hayamo.

Dada yangu ameolewa katika ukoo wa Kiyemeni wa South Shields. Msishangae. Tangu mwisho wa karne ya 19 mabaharia wa Kiyemeni walikuwa wakipanda meli za makaa Aden na kuteremka Tyneside. Kazi yao kubwa ilikuwa chini kwenye matanuri, kutia makaa ya mawe. Wakifika bandarini walilala katika nyumba za mabaharia zilizoendeshwa na Waarabu wenzao, mtaa wa Holborn na baadaye Laygate. Wengi walioa wanawake wa pale pale, mabinti wa wachimba makaa na wa mabaharia. Mwaka 1936 alifika Sheikh Abdullah Ali al-Hakimi akawafungulia zawiya, na leo Laygate upo msikiti wa Al-Azhar, ule ule ambao Muhammad Ali, bondia, alikwenda mwaka 1977 ndoa yake ikaombewa baraka. Ukoo wa shemegi yangu umetoka humo.

Sasa, neno lenyewe lilianza hivi. Harusi ya Uingereza ina upande wa serikali, na karatasi ya ndoa inataka majina ya wazazi. Tangu tarehe 4 Mei 2021 majina ya mama wa bwana na bibi harusi nayo yanaandikwa. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1837 serikali ilipoanza kusajili ndoa, iliandikwa baba tu. Miaka mia na themanini na kitu mama alibeba, akazaa, akalea, na siku ya ndoa ya mwanawe jina lake halina mahali. Nilipokuwa nasema hayo kwa hasira zangu, Bi Mkubwa akanyamaza kimya. Halafu akasema: “Mama yangu mimi, kwenye cheti chake, asiye na mahali ni baba.”

Mama yake Bi Mkubwa alizaliwa mwaka 1925. Cheti chake safu ya baba imepigwa mstari. Hakuna jina, hakuna kazi. Skuli walimwita jina mnalolijua, la mtoto wa nje ya ndoa, na hata uzeeni akilitaja sauti ilikuwa inamkatika. Mwenyewe alishikilia kwamba wazee wake walifunga nikaha kabla hajazaliwa, katika chumba cha juu cha nyumba ya mabaharia, mbele ya mashahidi. Karatasi iko wapi? Hakuna. Alikufa na neno hilo kifuani. Bi Mkubwa ana miaka sabini na kitu, na alichonacho ni bati la biskuti lenye picha moja, kitabu cha ubaharia kilicholika na panya, na hicho cheti.

Nikamwambia, Bi Mkubwa, tutafute.

Kwanza niwaambie jambo ambalo lingetupotezea siku nyingi kama binti wa dada yangu asingelijua. South Shields ya leo haiko Durham. Lakini ya mwaka 1925 ilikuwa Durham. Ile kaunti ya zamani, iliyokwenda kutoka mto Tyne kaskazini hadi mto Tees kusini, ilimegwa tarehe 1 Aprili 1974, na South Shields ikatiwa kwenye eneo jipya linaloitwa Tyne and Wear. Watu wakabaki nyumba zile zile, ila karatasi zao zikagawana njia. Vitabu vya makanisa, yaani ubatizo, ndoa na maziko, viko kwenye hifadhi ya nyaraka ya Durham, kwa sababu uaskofu haukuhama. Wosia wa zamani uko chuo kikuu cha Durham. Mambo ya mji na ya meli utayakuta Newcastle, upande wa pili wa mto. Na vyeti vya serikali vina ofisi yao. Kwa hiyo anayetafuta mtu wa South Shields asiulize “mji uko kaunti gani?” Aulize “mwaka ule ulikuwa kaunti gani?”

Tulianza na sensa ya 1921, iliyofunguliwa kwa watu mwaka 2022, kwani Uingereza sensa hukaa imefungwa miaka mia. Tukamkuta. Msichana wa miaka kumi na saba na miezi, maana sensa ile iliandika umri mpaka na miezi, yuko kwa baba yake mchimba makaa, na kaka wanne. Yeye kazi yake imeandikwa ni kusaidia nyumbani. Wanaume watano wanarudi na masizi ya mgodi, na yeye na mama yake ndio maji, ndio sabuni, ndio pasi.

Sensa ya 1931 tulitaka sana kuiona, lakini haipo. Iliungua yote Desemba 1942 katika ghala walikoihifadhi, na wala si kwa bomu la vita. Mwaka 1941 hawakuhesabu watu kwa sababu ya vita. Kwa hiyo baina ya 1921 na 1951 kuna shimo, na ndani ya shimo hilo kuna daftari moja tu la watu wote, lililoandikwa tarehe 29 Septemba 1939 ili watu wapewe vitambulisho. Humo tulimkuta tena, sasa ana jina la Kiarabu na watoto. Wanawe wanasema aliendesha nyumba ya mabaharia, wanaume saba wanakula na kulala, yeye anapika na kufua. Daftari limemwandika “kazi za nyumbani zisizo na malipo”. Karibu kila mke wa mtaa ule kaandikwa maneno hayo hayo. Nami ninayeweka hesabu ya duka kila usiku, yale maneno yalinikaa vibaya. Mume hayumo, kwa kuwa waliokuwa baharini siku ile hawakuandikwa.

Basi kukabaki kumtafuta yeye. Na hapo ndipo penye tabu, maana jina la Kiarabu kwa karani wa Kiingereza ni kama kitambaa kwa mwanafunzi wa cherehani wa wiki ya kwanza, hukatwa popote. Chukulia mtu anaitwa Saleh bin Ahmed. Karani huyu atamwandika Saleh kuwa jina lake na Ahmed kuwa la ukoo. Yule atageuza. Mwengine ataandika Sala, au Salih, au Sally. Na watoto wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina mawili ya ukoo. Kwenye intaneti tulipata mabaharia tisa wenye jina la mzee wetu, wote wamesema wamezaliwa Aden. Kumbe wengi wao walitoka milimani huko Yemen. Aden ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na baharia aliyesema Aden alikuwa na nafuu mbele ya polisi kuliko aliyesema kijiji chake.

Kilichotutoa ni kile kitabu kilicholika na panya. Panya walikula kurasa za mwisho, namba ya ubaharia ikasalimika mwanzoni. Serikali ya Uingereza ilitengeneza kadi za mabaharia wa meli za biashara, na za kati ya 1918 na 1921 zina picha ya mwenyewe. Tukalinganisha namba. Kadi ya sita ndiyo.

Wallahi sikuwahi kuona ule utulivu. Bi Mkubwa hakuwahi kumuona babu yake hata kwa picha. Meli yake ilizamishwa vitani mwaka 1941, na watu kama yeye, waliokufa baharini wakakosa kaburi, wameandikwa kwenye mnara wa Tower Hill huko London, meli kwa meli. Jina lake Bi Mkubwa alishalipapasa pale kwa vidole. Uso ndio alikuwa hajauona. Kijana mwembamba, masharubu madogo, koti limembana mabegani, halikushonewa yeye. Urefu wake, rangi ya macho, vyote vimeandikwa. Bi Mkubwa akamtazama, akamtazama mjukuu wake anayeolewa, akasema, “Nyusi hizo.” Hakusema jengine mpaka magharibi.

Lakini swali la nikaha bado.

Tukaingia kwenye faharasa za vyeti. Hizi zimepangwa kwa robo ya mwaka: Machi, Juni, Septemba, Desemba. Kuanzia robo ya Septemba 1911 faharasa ya vizazi inaonyesha na jina la ukoo la mama kabla hajaolewa, na kuanzia 1912 faharasa ya ndoa inaonyesha jina la mwenza. Kwa watu wa kabla ya hapo kazi ni ngumu zaidi; kwetu ilikuwa rahisi. Ndoa ikatokea, South Shields, robo ya Desemba 1927. Mtoto alizaliwa 1925.

Shemegi yangu akashusha pumzi. Nikaona Bi Mkubwa anaanza kukunja miwani yake, kama mtu aliyemaliza. Yaani wale watoto wa skuli walisema kweli?

Binti wa dada yangu ndiye aliyesema tusubiri, tuagize cheti, na turudi kwenye faharasa ya vizazi. Na humo, mtoto yule yule kaandikwa mara mbili. Mara ya kwanza 1925, kwa jina la mama. Mara ya pili, mwanzoni mwa 1928, kwa jina la baba, na kwenye ule ukurasa wa zamani pameongezwa kwa mkono alama ya kumpeleka msomaji mbele. Ipo sheria ilianza tarehe 1 Januari 1927, iliyosema wazazi wakioana baada ya mtoto kuzaliwa, mtoto anahesabika wa ndoa, na kizazi chake kinaweza kusajiliwa upya. Sharti lake, wakati mtoto anazaliwa asiwepo mzazi mwenye ndoa na mtu mwengine. Kwa hiyo hawa walikwenda. Mwaka ule ule wa kwanza wa sheria wakaoana serikalini, na miezi michache mbele wakamrudisha mtoto wao kwenye kitabu. Mama yake Bi Mkubwa alikuwa na cheti cha pili maisha yake yote, na hakuwahi kukiona. Aliyempa kile cha kwanza nani, na kwa nini hicho, hatujui na hatutajua.

Na kile cha kwanza, mstari kwenye safu ya baba haukuwa na maana baba hajulikani. Kwa sheria yao, wazazi wasiokuwa na ndoa ya serikali, jina la baba liliandikwa tu kama amekwenda mwenyewe na mama kusaini. Mtia makaa yuko baharini. Na nikaha ya chumba cha juu, hata iwe na mashahidi arubaini, kwa karani ilikuwa si ndoa, kwa sababu haikufungwa mahali palipoandikishwa. Karani hakuulizwa kuhusu dini yetu, naye hakujibu. Aliacha wazi, na mtaa ukajaza.

Kwa nini hawakwenda serikalini tangu mwanzo? Mimi nina dhana yangu. Kwa sheria ya wakati ule mwanamke wa Kiingereza akiolewa na mgeni alipoteza uraia wake, akawa mgeni ndani ya mji aliozaliwa. Mume kusema amezaliwa Aden ni jambo moja, kuthibitisha ni jengine. Huenda walisubiri. Huenda pia baba mchimba makaa alikataa, na binti wa miaka ishirini hakuweza kuolewa serikalini bila ya idhini ya mzazi, kwani ruhusa ya mwenyewe ilikuwa miaka ishirini na moja. Hayo ni mawazo yangu, msiyachukue kuwa ni ushahidi.

Ushahidi wangu mimi ni gauni.

Ile picha ya kwenye bati: msichana amesimama, shela imeteremka chini mpaka karibu na nyusi, maua mkononi, na mwanamke mwengine amekaa kando yake. Bwana harusi hayumo. Nyuma hakuna tarehe. Ukoo mzima waliamini ni picha ya ndoa ya serikalini, na sasa tulijua hiyo ni 1927. Nikaomba niitazame kwa miwani ya kukuzia ninayotumia kutungia shanga.

Kiuno cha gauni kimeshuka mpaka nyonga. Hiyo ni miaka ya ishirini, hakuna ubishi. Miaka ya thelathini magauni ya harusi yalikatwa mshazari yakashika mwili. Lakini tazama pindo. Liko juu kidogo tu ya kifundo cha mguu. Mwanzoni mwa miaka ya ishirini mapindo yalikuwa marefu hivyo. Kufika 1926 na 1927 yamepanda mpaka magotini, na mabibi harusi nao walipanda nayo. Ndiyo miaka ya picha za bi harusi miguu nje na shela inaburura nyuma. Gauni hili ni la 1922, 1923, au mwisho 1924. Haliendani na Desemba 1927.

Wifi yake dada, mtu wa kuuliza maswali na ninampenda kwa hilo, akasema: je, kama aliazima gauni la zamani? Swali zuri. Nikamuonyesha bega. Mshono wa bega umekaa juu ya mfupa wake sawasawa na mkono umeishia kwenye kifundo. Nguo ya kuazima haikai hivyo, itavuta mahali au itapwaya. Tuseme hata aliazima. Pindo ni kitu chepesi kuliko vyote kukipunguza, kazi ya jioni moja, sindano na uzi. Msichana anayejua kufulia wanaume watano hashindwi kupandisha pindo. Hakuna bi harusi anayekwenda kupigwa picha na pindo la miaka mitatu nyuma na mkasi uko nyumbani. Na mwili wenyewe: kiuno chembamba, uso wa kitoto, kama yule wa sensa aliyekuwa na miaka kumi na saba. Huyu hajazaa.

Nilipomaliza, Bi Mkubwa akaniuliza, “Kwa hiyo walifunga nikaha?” Nikamwambia mimi ni fundi, sikuwepo. Ninachoweza kukuapia ni kwamba bibi yako alivaa shela akasimama mbele ya watu akiwa bi harusi, kabla mama yako hajawa tumboni. Watu hawafanyi vile kwa kuficha. Akaniomba nirudie, mara hii kwa sauti, wanawe wasikie.

Siku mbili baadaye alitupeleka Arbeia, magofu ya ngome ya Warumi iliyoko pale pale South Shields, juu ya kilima. Ndani ya makumbusho lipo jiwe la kaburi la mwanamke aitwaye Regina, limechongwa yapata miaka 1,800 iliyopita na kufukuliwa mwaka 1878. Regina alikuwa Muingereza wa kabila la kusini, alikuwa mtumwa akaachwa huru. Mume wake, Barates, alitoka Palmyra, nchi ya Sham. Alikufa na miaka thelathini, na mume akamchongea jiwe kwa lugha mbili, Kilatini cha wenyeji wa ngome na chini yake mstari wa Kiaramu cha kwao. Amechongwa amekaa kitini, mkononi ana kijiti cha kusokotea uzi, na kando ya miguu kikapu cha mabonge ya sufi. Nilisimama pale muda. Mtu wa Mashariki na mke wa Kiingereza, mji huo huo, na mume akataka watu wajue kwamba huyu alikuwa mkewe. Bi Mkubwa alisema akiwa mdogo mama yake alimleta pale mara nyingi, na hakuwahi kumwambia kwa nini.

Cheti cha ndoa cha 1927 kilifika kwa posta nilipokuwa nafunga begi. Bwana harusi: mtia makaa wa meli. Kiingereza cha zamani jina la kazi hiyo linafanana na la zimamoto, ndiyo maana baadhi ya wajukuu walikua wakijivunia babu aliyezima moto, na kumbe maskini alikuwa akiuchochea. Kwenye safu ya baba yake pameandikwa jina, na neno “marehemu”, na “mkulima”. Hilo jina Bi Mkubwa hakuwahi kulisikia. Kwa karatasi moja nasaba imerudi nyuma kizazi kizima, mpaka shamba fulani Yemen. Baba wa bibi harusi naye yumo, mchimba makaa, na mashahidi wawili. Mmoja wa mashahidi ana jina la ukoo la bibi harusi: kaka yake, mmoja wa wale wanne. Ukoo ulisema siku zote kwamba walimtenga wote.

Mama wa bibi harusi hayumo, bila shaka. Wala wa bwana.

Upande wake yeye ndio uliobakia sasa, wachimba makaa na mabibi zao, na huko nyuma ya 1837 ni vitabu vya kanisa tu. Dada yangu na binti yake wameshachukua miadi ya kwenda kwenye hifadhi ya Durham mwezi ujao, baada ya fungate. Bi Mkubwa anasema na yeye atakwenda, magoti yakimruhusu. Ametia cheti cha pili cha mama yake kwenye fremu, kile chenye jina la baba, akakitundika ukumbini, usawa wa macho ya kila anayeingia. Cha kwanza amekirudisha kwenye bati la biskuti. Binti yake alitaka kukichana, akamzuia.